Deni la chuo na deni la kadi: vijana wengi wanatanguliza lisilostahili kutangulia

Hesabu_Kali (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mahafali mjadala huwa uleule. Vijana wanamaliza chuo na deni, mmoja analaumu ada, mwingine analaumu vijana wenyewe, watu wanarushiana maneno kurasa tatu na uzi unazama. Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho naona kinapitwa. Kijana wa siku hizi hatoki chuoni na deni moja. Anatoka na mawili, la masomo na la kadi ya mkopo, na haya mawili hayana tabia moja hata kidogo.

Kazi yangu ni kukaa na watu tukapitia hesabu zao karatasi kwa karatasi, na wengi wanaokuja ni vijana wa miaka ya ishirini. Kinachojirudia ni hiki: deni la chuo ndilo linalowanyima usingizi, na kila senti ya ziada inapelekwa huko. Kadi inapewa kima cha chini tu, yaani kile kiasi kidogo kabisa ambacho benki inakubali kwa mwezi, "maana ile ni hela ndogo". Msimamo wangu ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na unawala vijana miaka kadhaa ya kipato bila wao kujua. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na kadi.

Chukua deni la 1,000 kwenye kadi, sarafu yoyote ile, kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba hiyo sijaichagua ili kutisha watu. Marekani, ambako biashara hii ndiko ilikokomaa, wastani wa riba za kadi umekuwa juu ya asilimia 20 tangu 2023, na kijana asiye na historia ya mikopo kwa kawaida hupewa kadi yenye riba inayozidi wastani. Asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wa kwanza riba ni 20. Benki nyingi hupiga kima cha chini kwa kanuni hii: riba ya mwezi, ongeza asilimia 1 ya deni lenyewe. Utaambiwa ulipe 30. Unalipa 30 kwa wakati, unaona umetimiza wajibu. Kumbe 20 imeishia kwenye riba na deni limepungua 10 tu. Umebaki na 990.

Sasa fuatilia kinachokuja, maana hapa ndipo penyewe. Mwezi wa pili huambiwi tena ulipe 30, unaambiwa 29.70. Wa tatu, 29.40. Kima kinashuka taratibu pamoja na deni, na anayelipa anaona mzigo unapungua. Endelea hivyo miaka 5, bila kukosa mwezi hata mmoja na bila kununua tena kitu chochote kwa kadi hiyo. Utakuwa umelipa karibu 1,360. Na bado unadaiwa kama 547.

Yaani umeshalipa zaidi ya ulichokopa, miaka 5 imepita, na zaidi ya nusu ya deni bado ipo palepale. Hakuna aliyekudanganya wala aliyevunja mkataba. Kanuni yenyewe ndivyo ilivyopangwa: kwa riba hiyo, kila 1 unayoipunguza kwenye deni unailipia 2 za riba.

Badilisha kitu kimoja tu. Ile 30 ya mwezi wa kwanza igandishe. Benki ikikuambia mwezi huu 29.70, wewe lipa 30. Ikikuambia 25, lipa 30. Deni linaisha mwezi wa 56, miaka 5 haijatimia. Ukiweza kuganda kwenye 50, linaisha mwezi wa 26 na jumla uliyotoa ni karibu 1,290. Huyu wa 30 na yule wa kima cha chini walianza na kipato kilekile na malipo yaleyale ya mwezi wa kwanza. Mmoja alikataa malipo yake kushuka, basi.

Hili jambo lilionekana zito kiasi kwamba Marekani walilitungia sheria. Sheria ya kadi ya 2009, aliyoisaini Rais Obama mwezi Mei mwaka huo, inalazimisha kila taarifa ya mwezi iwe na kisanduku kinachosema: ukilipa kima cha chini peke yake, deni litaisha baada ya muda huu na utakuwa umelipa jumla hii, ukitaka limalizike kwa miezi 36, lipa kiasi hiki kila mwezi. Mwenye kadi inayotoa kisanduku hicho akisome kabla ya kitu kingine chochote kwenye ukurasa. Ile namba ya miezi 36 ndiyo anayopaswa kuiona kama "malipo ya mwezi". Nchi ambayo benki hazilazimiki kuandika, namba hiyo unaweza kuipiga mwenyewe au ukaidai kwenye dawati la benki. Ni swali halali na wanao uwezo wa kulijibu.

Sheria hiyohiyo iligusa vijana moja kwa moja. Kabla yake, benki ziliweka meza ndani ya vyuo vya Marekani na kugawa fulana na vyakula vya bure kwa mwanafunzi atakayejaza fomu ya kadi. Baada ya sheria, aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mtu mzima wa kusaini naye, na zawadi za kumshawishi ajaze fomu zikapigwa marufuku chuoni na jirani na chuo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema vijana hukopa kwa kadi kwa kukosa adabu ya fedha. Meza zile ziliwekwa pale na watu wazima, kwa hesabu kamili, wakijua kwamba mtu huwa haachani kirahisi na kadi yake ya kwanza.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: zile siku zisizo na riba. Ukilipa deni lote la mwezi kufikia tarehe ya mwisho, manunuzi yako hayatozwi riba. Ndiyo maana mtu anayelipa yote kila mwezi anaweza kutumia kadi miaka na miaka asitoe riba hata senti. Lakini ukibakiza deni, kwa kadi nyingi fadhila hiyo inaondoka. Unachonunua leo kinaanza kuhesabiwa riba leo. Kwa hiyo kijana mwenye deni la zamani kwenye kadi, anayeendelea kuitumia hiyohiyo kwa matumizi ya kila siku akidhani "hivi nitavilipa mwisho wa mwezi", anavilipia riba tangu saa aliyovinunua. Na kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni kubaya zaidi. Kuna ada ya kutolea, riba mara nyingi ni kubwa kuliko ya manunuzi, na siku zisizo na riba hazipo kabisa.

Sasa deni la chuo.

Hili lina sura nyingine. Mkopo wa serikali ya Marekani kwa shahada ya kwanza ulikuwa na riba ya asilimia 5.50 kwa mwaka wa masomo 2023/24 na asilimia 6.53 kwa 2024/25, na ukishachukua, riba hiyo haibadiliki mpaka unamaliza. Uingereza na Australia hulipi kitu mpaka kipato chako kivuke kiwango fulani. Ukipoteza kazi, makato yanasimama yenyewe. Australia ndio walioanzisha mfumo huo kitaifa mwaka 1989. Deni la aina hii ni kubwa kwa jumla, lakini kwa kila 100 ni rahisi, na mara nyingi lina mlango wa kutokea pale maisha yanapokwama. Kadi haina mlango. Ukipoteza kazi Ijumaa, Jumatatu riba inaendelea kama kawaida.

Vijana wanatazama ukubwa wa namba. Elfu 30 za chuo zinatisha, elfu 3 za kadi hazitishi. Lakini swali la kuuliza ni hili: kila 100 ninayoilipa zaidi ya wajibu, inaniokolea nini kwa mwaka? Ukiipeleka chuo inakuokolea 6 na ushee. Ukiipeleka kwenye kadi inakuokolea 24.

Na kuna kinachoniuma zaidi, maana kinafanya madeni haya mawili yazaane. Mkopo wa chuo hucheleweshwa, au hautoshi, mwanafunzi anajazia kwa kadi. Anahitimu, mshahara wa kwanza unakatwa deni la chuo, kinachobaki hakifiki mwisho wa mwezi, anajazia tena kwa kadi. Hapo deni la riba ya 6 linalipwa kwa kukopa kwenye riba ya 24. Ukimuuliza atakwambia kwa fahari kwamba deni la chuo linashuka vizuri, na kweli linashuka.

Nawasilisha. Anayeona nimekosea aje na hesabu.

---

Mwanga_Mdogo

Mkuu, hiyo ya kima cha chini kushuka mwezi hadi mwezi sijawahi kuelezwa na mtu yeyote. Nimetoka kufungua taarifa zangu za miezi minane nyuma. Ni kweli, kinapungua kila mwezi, na nilikuwa nafurahi. Kuanzia mwezi huu naganda.

---

Wakili_wa_Jioni

Mleta uzi, hesabu zako sizipingi. Napinga kipimo chako. Umepima deni kwa riba peke yake, wakati deni linapimwa pia kwa kitu ambacho mdai anaweza kukufanyia ukishindwa. Na kwa kipimo hicho, deni la chuo ndilo hatari zaidi, kwa Marekani uliyoitolea mfano.

Mwenye deni la kadi akilemewa kabisa, anaweza kwenda mahakamani kutangaza kufilisika, na deni la kadi kwa kawaida ni miongoni mwa yanayofutwa. Deni la chuo halifutwi hivyo. Mwaka 1976 bunge lao lilizuia mikopo ya wanafunzi isifutwe kwa kufilisika ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Mwaka 1998 ukomo wa miaka ukaondolewa kabisa kwa mikopo ya serikali. Mwaka 2005 kizuizi kikapanuliwa hadi kwenye mikopo mingi ya chuo ya benki binafsi. Leo mdaiwa lazima amthibitishie hakimu kwamba kulipa kutamtia kwenye dhiki iliyopita kiasi, na kwa muda mrefu mahakama zimekuwa ngumu sana kukubali.

La pili, kampuni ya kadi ikitaka kukata mshahara wako, lazima kwanza ikushtaki na ishinde kesi. Serikali haihitaji kesi. Mkopo wa chuo wa serikali ukikaa siku 270 bila kulipwa unahesabiwa kuwa umeshindikana, na baada ya hapo wanaweza kuamuru mwajiri akate hadi asilimia 15 ya kinachobaki kwenye mshahara baada ya makato ya kisheria, na kuzuia marejesho yako ya kodi. Ukusanyaji huo ulisimamishwa wakati wa korona, ukaanza kurudishwa Mei 2025.

Kwa hiyo kijana akisoma uzi wako akaelewa kwamba deni la chuo linaweza kusubiri, umempoteza.

---

Hesabu_Kali

Wakili, nakushukuru kwa dhati, huu ndio mchango niliokuwa nautaka. Nakubaliana nawe kila mstari wa sheria. Ngoja niweke sawa msimamo wangu asije mtu akausoma vibaya.

Sijasema deni la chuo lisilipwe. Nimesema pesa ya ziada isipelekwe huko. Marejesho ya mwezi ya deni la chuo ni wajibu, yalipwe yote na kwa tarehe, kwa sababu hizohizo ulizozitaja. Kama hayalipiki, mtu aombe mpango wa kulipa kulingana na kipato kabla hajachelewa hata mwezi mmoja. Marekani mipango hiyo ipo, ingawa imekuwa ikibadilishwa na kupelekwa mahakamani mara kwa mara, kwa hiyo aangalie iliyopo leo, asitegemee aliyosoma mwaka juzi. Ninachozungumzia ni zile 100 au 200 zinazobaki baada ya wajibu wote kutimizwa. Hizo ziende kwenye kadi.

Na hoja yako ya kufilisika inanipa nguvu kwa upande mmoja. Kijana anayechota kwa kadi ili apate marejesho ya chuo hajapunguza hatari, ameongeza mdai wa pili. Siku kadi zikijaa, mwezi unaofuata deni la chuo nalo linakosa pa kuchotewa.

---

Binti_Mhitimu

Dada yenu naomba niongeze upande wa mtu aliyepitia. Kadi yangu ya kwanza niliipata mwaka wa mwisho, kikomo (kiasi cha juu ninachoruhusiwa kukopa) kidogo tu, cha kunitosha vitabu na nauli. Nililipa vizuri miezi kadhaa. Kisha nikapokea ujumbe kwamba "kwa kuthamini uaminifu wako" kikomo kimeongezwa maradufu. Sikuomba. Miezi kadhaa baadaye kikaongezwa tena. Wakati huo nilikuwa kwenye mafunzo kazini yasiyolipwa.

Ninachotaka wadogo zangu wajue ni kwamba kikomo cha kadi hakipimwi kwa uwezo wako wa kulipa deni lote. Kinapimwa kwa uwezekano wako wa kuendelea kulipa kima cha chini. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kukataa. Piga simu, sema rudisheni kikomo cha zamani. Mimi walinirudishia siku hiyohiyo.

---

Mpenda_Takwimu

Nakazia hoja ya mleta uzi kwamba madeni haya yanazaana, na kuna ushahidi mkubwa. Marekani walisimamisha marejesho ya mikopo ya chuo ya serikali tangu Machi 2020, riba ikawa sifuri. Riba ilirudi Septemba 2023 na marejesho Oktoba 2023, baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha mpango wa kufuta sehemu ya deni hilo tarehe 30 Juni 2023. Miaka mitatu na nusu bila marejesho. Ungetegemea watu watumie nafasi hiyo kumaliza kadi. Wachumi waliofuatilia wadaiwa hao wamekuta kwamba kwa wastani waliongeza madeni mengine, ya kadi, ya magari na ya nyumba.

Na katikati ya 2023 hiyohiyo, jumla ya madeni ya kadi nchini humo ikavuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza. Ya chuo yalishavuka trilioni 1.6, yakibebwa na watu zaidi ya milioni 40.

Mimi silaumu. Mtu aliyepata nafuu ya marejesho alionekana mbele ya benki kama mteja safi, alama zake za mkopo (kipimo cha benki cha kuona kama mtu ni mlipaji mzuri) zikapanda, ofa zikamfuata. Lakini inaonyesha kwamba kupunguza deni moja pekee hakumtoi mtu kwenye madeni, kama lile la pili limeachwa wazi.

---

Mwanga_Mdogo

Takwimu, hapo kwa alama za mkopo naomba ufafanuzi. Ni kweli kwamba kulipa kima cha chini kunajenga historia nzuri?

---

Mpenda_Takwimu

Kulipa kwa wakati kunajenga, hata kama ni kima cha chini. Lakini alama hizo hutazama pia umetumia sehemu gani ya kikomo chako. Kadi iliyokaa imejaa huku unalipa kima cha chini inakushusha, hata kama hujawahi kuchelewa. Na anayelipa deni lote kila mwezi anajenga historia vizuri tu. Huhitaji kubakiza deni ili "mfumo ukuone". Hiyo ni imani iliyosambaa sana na inawatajirisha wanaotoa kadi.

---

Sauti_ya_Mwajiriwa

Mleta uzi umesema mikopo ya chuo ina mlango wa kutokea. Inategemea nchi, mkuu, tusijumlishe. Linganisha hizi mbili. Uingereza mhitimu anakatwa asilimia 9, lakini ya ile sehemu ya kipato iliyo juu ya kiwango tu. Waliojiunga na chuo kuanzia Agosti 2023 kiwango chao kilianzia pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata 26,000 anakatwa 9% ya ile 1,000 ya juu, yaani pauni 90 kwa mwaka mzima. Tanzania makato ya bodi ya mikopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wote, kuanzia shilingi ya kwanza. Mwenye mshahara mdogo na mwenye mkubwa wanakatwa asilimia ileile.

Kwa huyu wa pili ile "pesa ya ziada" unayoizungumzia haipo. Imeshakatwa kabla hajaiona. Ndiyo maana anakimbilia mikopo ya haraka yenye riba mbaya kuliko hata ya kadi. Ukitaka kumsaidia, hesabu ya nyumbani haitoshi, kanuni ya makato nayo lazima iguswe.

Lakini haki isemwe: Uingereza nao wamebana upande mwingine. Hao wa 2023 watakatwa hadi miaka 40, wakati wenzao wa kuanzia 2012 deni lao hufutwa baada ya miaka 30.

---

Hesabu_Kali

Sauti ya Mwajiriwa, umenena. Nakubali kwamba mlango niliousema uko wazi pale tu makato yanapofuata kipato kilicho juu ya kiwango cha kuishi. Asilimia inayokatwa kuanzia senti ya kwanza inamuumiza zaidi wa chini, kwa sababu yeye ndiye asiye na cha kupunguza. Kwa mtu huyo ushauri wangu unapungua na kubaki mmoja: asifungue deni jipya la riba kubwa ili kuziba pengo la makato bila kwanza kuuliza mwajiri na bodi kama kuna nafasi ya kurekebisha. Jibu linaweza kuwa hapana, ila aulize kabla ya kukopa.

---

Mdhamini_Mzee

Wanangu, na sisi wazazi tuliosaini mtukumbuke. Kwenye mikopo ya benki binafsi, anayesaini pamoja na mwanafunzi si shahidi. Ni mdaiwa kamili. Mtoto akichelewa, wananipigia mimi, na jina langu linachafuka pamoja na lake. Ombi langu moja tu: mkiona mwezi huu hamtafikisha, mwambieni mdhamini kabla ya tarehe, si baada. Nikijua mapema naweza kuzungumza na benki.

---

Neema_Hisabati

Mleta uzi, naomba unisaidie hadharani ili na wengine wafaidike. Nina deni la chuo nalolipa vizuri kila mwezi. Nje ya hilo nina kadi tatu. Ya kwanza nadaiwa 400, riba asilimia 19. Ya pili 2,200, riba asilimia 27. Ya tatu ni ya duka, 600, riba sifuri kwa miezi mitano iliyobaki. Nina 300 kwa mwezi ya kuzigawia zote. Kaka yangu ananiambia nianze na ile ya 400 niimalize nipate moyo.

---

Kaka_Mpole

Nakubaliana na huyo kaka yako. Maliza ndogo kwanza. Mtu akifunga deni moja anapata nguvu ya kuendelea, nimeona wengi wakikata tamaa kwa kuanza na kubwa.

---

Hesabu_Kali

Kaka Mpole, sidharau nguvu ya moyo, na kwa mtu aliyeshaacha kulipa mara mbili tatu ningemwambia aanze na ndogo bila kubishana. Dada Neema analipa zake zote, kwa hiyo tufuate riba.

Neema, kabla ya riba angalia ile ya duka. Soma mkataba wake leo. Kadi nyingi za duka zenye riba sifuri zina sharti kwamba ikifika siku ya mwisho wa ofa na kuna hata senti imebaki, unatozwa riba yote tangu siku uliyonunua, kwa mkupuo. Kama yako ina sharti hilo, ndiyo ya kwanza: 600 gawanya kwa miezi mitano, 120 kila mwezi bila kupungua.

Ya 400 ipe kima cha chini, tuseme 25. Ya 2,200 ipe yote inayobaki, yaani 155. Jumla 300. Baada ya miezi mitano ya duka imeisha, na ile 120 yake usiirudishe kwenye matumizi, ihamishie yote kwenye ya asilimia 27, sasa inapata 275. Kwa hesabu yangu hiyo kubwa inaisha mwezi wa 12, na ile ya 400 wakati huo itakuwa imebaki na 155 hivi, unaimaliza mwezi wa 13. Deni la chuo usiliguse, liendelee na marejesho yake ya kawaida, na kadi zote tatu zisitumike mpaka hapo.

Ukipata ofa ya kuhamishia ile 2,200 kwenye kadi nyingine ya riba sifuri, tazama ada ya kuhamisha, mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5 ya deni. Kwa riba ya 27 ada hiyo inalipa, ilimradi umalize ndani ya muda wa ofa.

Jambo la mwisho kwa ile ya duka: siku ofa inapoisha inaweza isiwe sawa na tarehe yako ya kulipa bili, inaweza kuangukia siku kadhaa kabla. Waombe tarehe hiyo kwa maandishi, na malipo ya tano yafike wiki moja kabla yake.

---

Neema_Hisabati

Nimefungua mkataba. Sharti lipo, ukurasa wa pili, na ofa inaisha siku tisa kabla ya tarehe yangu ya bili. Leo hii naweka 120 ya kwanza.